Historia ya Domitila Equihua, Ambaye Kadi Ilisema Hajulikani

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa La Magdalena, padri wetu, na ninyi wageni wa safu ya mbele mliopata nafasi ya kuja kwa kuwa leo ni Jumatatu na jumba la makumbusho hufungwa Jumatatu, kabla familia haijasoma tarehe hata moja, yeyote asiyeamini kwamba mwanamke aliyelala ndani ya sanduku hili amefariki akiwa na umri wa miaka mia mbili na themanini, miezi tisa na siku ishirini, asimame sasa hivi aseme, na anayetaka kubisha akabishane na kadi iliyopigwa taipu na watu wenye shahada, si na mjukuu wake Nabor anayewasomea hapa, ambaye shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitatu, na sauti yake mnaijua wote kwa sababu ndiyo inayowaamsha kila asubuhi ikitangaza mitungi ya gesi. Hakuna aliyesimama? Basi tunaendelea.

Kwa hesabu ya kanisa, ambayo ni fupi zaidi, marehemu Domitila Equihua Huipe alizaliwa tarehe 12 Mei 1943 katika kitongoji cha Los Hornitos, nje kidogo ya mji huu wetu wa Zirapándaro, jimbo la Michoacán, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Tránsito Equihua na mama Refugio Huipe, akapewa jina la mtakatifu aliyekuwa kwenye kalenda ya ukutani siku hiyo, na wazazi wake wote wawili walikuwa mafundi wa masinia ya mbao, baba akichonga, mama akipaka rangi, kama walivyofanya wazazi wao na wazazi wa wazazi wao.

Kuhusu elimu, marehemu alikwenda shule siku tatu, mwezi Februari mwaka 1950, na siku ya nne mama yake akamwambia, "Mwanangu, mikono yako naihitaji hapa, huko wanakufundisha kukaa kimya na hilo tayari unaliweza," akabaki nyumbani, hivyo kusoma na kuandika hakujua mpaka anaingia kaburini, na wanaotaka kumcheka kwa hilo wajue kwamba katika ukoo huu shule haijawahi kutupenda na sisi hatujawahi kuibembeleza. Elimu aliyoipata ni kusaga udongo na kuuchekecha mpaka uwe laini kama unga wa mtoto, kuchemsha wale wadudu wa mafuta wanaokusanywa mitini msimu wa mvua mpaka mafuta yao yaelee, kuyachanganya na mafuta ya mbegu za chia, kupaka mbao kwa kitako cha kiganja na kusugua mpaka kiganja kiwake moto, kisha kuchora kwa ncha ya kisu, kuchimbua, na kujaza kila petali rangi yake kwa ncha ya kidole, rangi moja ikauke kwanza ndipo nyingine ifuate, kiasi kwamba sinia moja kubwa lilikula miezi mitano ya mtu. Na ninyi mnaouza pale uwanjani masinia ya rangi ya kopo kutoka duka la vifaa vya ujenzi, mnayomaliza kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, mnajijua, familia haitawataja kwa sababu mmeleta mkate.

Katika Kwaresma ya mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na minane na tayari ameposwa, marehemu alianza kutengeneza sinia la arusi yake mwenyewe, jeusi, lenye maua ya waridi ukingoni na bata mzinga katikati, na baada ya miezi minne, siku anamalizia tumbo la yule ndege, mdogo wake alisukuma mlango ukampiga kiwiko, kisu kikateleza, kikaacha mkwaruzo mrefu chini ya tumbo, na mbele yake yakawa mambo mawili, kusugua lote aanze upya au kuupanua ule mkwaruzo uwe kitu, akaupanua ukawa mguu. Mama yake alipokuja kuangalia aliinama, akahesabu, akahesabu tena.

"Domi, ndege gani huyu ana miguu mitatu?"

"Amechoka kusimama kwa miwili, mama."

Mama Refugio alicheka mpaka akaweka chini jiwe la kusagia, na mtaa mzima ukapita kumwangalia bata mzinga wa Domitila, na hadi leo wapo vikongwe hapa nyuma wanaomkumbuka, msijifanye mmesahau.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na marehemu Prócoro Cira Pasaye, mchongaji, tarehe 24 Novemba 1962, siku ya Jumamosi, katika parokia ya Santa Magdalena, na sinia lile likabebwa kichwani likiwa na mkate wa arusi, likachezeshwa na wasimamizi mtaani kutoka kanisani mpaka nyumbani kwa bwana arusi kama ilivyo desturi, na Mungu akawajalia watoto wanne, Amparo mwaka 1964, Eleuterio mwaka 1967, Hermelinda mwaka 1970, na Tranquilino mwaka 1973, ambaye Mungu alimchukua akiwa na miezi minane. Eleuterio ndiye baba yake Nabor, yuko kaskazini anachuma tufaha, anatusikiliza kwa simu aliyoishika shangazi Amparo, na mtandao ukikatika msiilaumu familia.

Sasa tunafika mahali ambapo safu ya mbele inaweza kuanza kujikuna. Mwezi Oktoba mwaka 1971 gavana alitangaza kuutembelea mji, kamati ya mapokezi ikazunguka nyumba kwa nyumba kuazima masinia ya kupambia ukumbi, ikachukua kumi na mawili, gavana akaja, akala, akaondoka, na masinia kumi na moja yakarudi, na mzee Prócoro alipokwenda kuuliza la kumi na mbili aliambiwa lipo katika mikono salama, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, kwa kuwa mikono hiyo haijaliachia mpaka leo.

Tarehe 20 Novemba 1974 ikafunguliwa Makumbusho ya Mkoa ya Sanaa ya Meksiko, katika lile jumba la Urdanivia mnalolijua, lenye matao kumi na sita na paa linalovuja kwenye matao kumi na tano, lililojengwa na Don Baltasar de Urdanivia, bwana wa kiwanda cha sukari, kwa mawe yaliyobebwa na mababu zetu migongoni bila kuulizwa kama migongo inauma. Mtu huyo picha yake imetundikwa juu ya ngazi, amevaa soksi nyeupe mpaka magotini, na kadi yake inaeleza alizaliwa wapi, alimwoa nani, alikufa kwa nini, na yule mbwa aliyekaa miguuni pake naye ametajwa, anaitwa Capitán. Msisahau hilo, ndugu zangu. Katika jumba lile lote lenye vyungu, masinia, vinyago na mashuka yaliyotoka katika mikono ya watu wetu, vitu mia tatu na zaidi, aliyejulikana kwa jina ni yule mwizi wa mawe na mbwa wake.

Marehemu aliajiriwa hapo kama mfagizi tarehe 2 Januari 1975, siku ya Alhamisi, na siku ya pili tu ya kazi, akiwa anafuta vioo katika ukumbi wa tatu, akakutana uso kwa uso na bata mzinga wake. Mlinzi wa ukumbi alikuwa Don Fortino, Mungu amrehemu naye, mtu mwenye sharubu nyingi na kusoma kidogo, na ndiye aliyetusimulia maneno yao mara nyingi kuliko tulivyomwomba.

"Don Fortino, hebu nisomee hiki kikaratasi."

"Kinasema, sinia la kupaka, takriban mwaka 1762, mtengenezaji hajulikani."

"Nani hajulikani?"

"Aliyelitengeneza."

"Hajulikani na nani? Mimi si nipo hapa nimeshika fagio?"

"Ngoja, dada, kuna zaidi. Ndege mwenye miguu mitatu ni ishara ya Utatu Mtakatifu, kama ulivyoeleweka na wenyeji waliobatizwa karibuni."

Marehemu alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka Don Fortino akafunga mlango kwa hofu, kisha akaacha kucheka, akamwuliza tena lile neno la kwanza lilikuwa lipi, akarudiwa, hajulikani, na tangu siku hiyo hakucheka tena juu ya jambo hilo. Familia inapenda ieleweke vizuri marehemu alitaka nini, maana yamesemwa mengi. Hakutaka sinia lirudi nyumbani, wala hakuomba kulipwa, alitaka neno moja lifutwe kwenye kadi na mahali pake paandikwe Domitila Equihua. Ni hilo tu alilolitaka, kwa miaka arobaini na tisa.

Alikwenda kwa mkurugenzi wa kwanza, Bwana Evaristo Landa, aliyejua majina ya wafalme wote wa Hispania na hakujua jina la mwanamke aliyemfagilia ofisi, akamkuta anakula papai.

"Bwana, lile sinia la bata mzinga nililitengeneza mimi, mwaka sitini na mbili."

"Sitini na mbili ni kweli, Bi Domi. Elfu moja mia saba sitini na mbili."

"Mia tisa, bwana."

"Umekosea miaka mia mbili tu, mama, si haba," akasema, na karani wake akacheka kwa sababu ndiyo kazi iliyomweka pale.

"Chini yake kuna alama ya moto, ukubwa wa ngumi, mama yangu aliweka chungu cha nyama ya pilipili kabla hakijapoa."

"Kabati lile halifunguliwi bila kibali kutoka mji mkuu."

Sasa, ufunguo wa kabati lile ulikuwa unaning'inia kiunoni mwa marehemu, kwa kuwa ndiye aliyefuta vumbi la ndani, hivyo alikwenda, akafungua, akalitoa sinia, akarudi nalo ofisini, akaligeuza juu ya meza, juu ya maganda ya papai, na alama ya moto ikawa pale, nyeusi, ukubwa wa ngumi. Bwana Landa akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akasema, "Ajabu kabisa," akamnyang'anya ufunguo, na baada ya wiki mbili kadi ikaongezwa mstari, chini kuna alama ya moto, huenda ya ibada ya kale. Ndugu waombolezaji, ibada yenyewe ilikuwa chakula cha mchana cha Alhamisi.

Marehemu hakuwa mtu wa kukata tamaa haraka, na mwaka 1989, baada ya kuona maneno hayatoshi, aliamua kuwaonyesha kwa mikono, akakaa jioni za miezi sita baada ya kazi, akatengeneza sinia jingine, jeusi, waridi zilezile ukingoni, bata mzinga yuleyule, na mguu wa tatu safari hii akauweka kwa makusudi, akalipeleka kwa Bwana Landa mwezi Septemba, tarehe 14, akaliweka mezani, kwa kuamini kwamba mtu mwenye macho mawili atalitazama hili, atatazama lile, ataona mkono ni mmoja. Bwana Landa aliona. Aliita ofisi nzima ije ione.

"Bi Domi! Hii ni nakala bora kuliko zote nilizowahi kuziona. Miaka yote hii ya kufuta kioo imekufundisha!"

"Si nakala, bwana. Ni ndugu yake."

"Nakala, Bi Domi, nakala, na usione haya, si kila mtu anaweza kunakili."

Likawekwa kwenye kabati dogo karibu na mlango wa choo, na kadi yake, someni wenyewe mkipita, inasema, Domitila Equihua, mfanyakazi wa makumbusho, nakala ya sinia la karne ya kumi na nane, mwaka 1989. Hivyo jina lake liliingia jumbani hatimaye, na marehemu akawa mtu wa pekee duniani aliyesifiwa kwa kujiiga mwenyewe na kuambiwa bado hajafika. Jioni ile alirudi nyumbani, mzee Prócoro akamwuliza imekuwaje, akajibu, "Wamesema aliyelitengeneza lile la kwanza alikuwa fundi kunizidi," akaingia jikoni, na mzee Prócoro, ambaye alikuwa mpole kama ng'ombe aliyeshiba, alichukua shoka akapasua kuni za wiki tatu.

Baada ya Bwana Landa walifuata wakurugenzi wanne ambao majina yao hayastahili pumzi yangu, mmoja aliyekuja kwa ajili ya jumba, mmoja kwa ajili ya cheo, mmoja aliyeogopa popo, na mmoja aliyepaka ua lote rangi ya waridi kisha akahamishwa, na kila mmoja marehemu alimwambia mara moja, kwa adabu, amesimama, fagio mkononi, na kila mmoja alimjibu kwa tabasamu lile wanalolitoa watu wa pale kama wanatoa tiketi. Mzee Prócoro alifariki tarehe 8 Agosti 1999, marehemu akabaki mjane, akaendelea na kazi mpaka tarehe 31 Desemba 2008, alipostaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuwafutia vioo, wakamuaga kwa keki na cheti ambamo jina Equihua lilikosewa herufi mbili.

Mwaka 2015 akaja mkurugenzi wa sasa, Daktari Rebeca Arizmendi, huyu hapa safu ya mbele, aliyevaa miwani ya jua kivulini, daktari ambaye hata mafua hatibu, na mwezi Mei mwaka 2016 marehemu alivaa shali yake ya bluu, akaenda kumwambia na yeye, akiwa na miaka sabini na mitatu, na safari hii kwa mara ya kwanza alipewa kiti. Daktari Arizmendi alimsikiliza, akaandika, akamwuliza kuhusu ile alama ya moto na ule mkwaruzo, akaandika tena, akasema, "Tutakuandikia, Bi Domitila," na marehemu akarudi nyumbani anatembea kama msichana. Na kadi ikabaki vilevile, miaka minane, mpaka leo, nendeni mkatazame.

Mara ya mwisho marehemu kuingia jumbani humo ilikuwa Jumapili ya tarehe 21 Mei 2023, siku ambayo watu wa nchi hii huingia bure, siku tisa baada ya kutimiza miaka themanini, alipomwomba mjukuu wake ampeleke, wakapanda gari la gesi, mitungi ikigongana nyuma, na katika ukumbi wa tatu wakamkuta kijana mmoja mwongozaji, amefunga skafu shingoni kwenye joto lile, anawaeleza watalii Utatu Mtakatifu na wenyeji waliobatizwa karibuni. Marehemu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mlango ulinipiga kiwiko," akasema.

"Bibi, tafadhali, usiguse kioo."

"Kioo hiki nimekigusa kabla mama yako hajakuzaa, mwanangu. Nasema ni mlango. Si Utatu."

"Ni maoni mazuri, bibi," akajibu yule kijana, akawageukia watalii, akawaambia kwamba wazee wa hapa wana hadithi nyingi sana za kuvutia. Mjukuu alitaka kumfunga ile skafu vizuri zaidi, marehemu akamshika mkono, akamwambia, "Twende, korunda zetu za mahindi zinapoa."

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na kifua tarehe 11 Januari mwaka huu, mapafu yaliyokuwa yamekula moshi wa kuni kwa miaka sabini, akalazwa tarehe 19 Februari, akaruhusiwa tarehe 27 kwa kuwa mwenyewe aliwaambia madaktari kwamba kufa anajua na hahitaji kusaidiwa, akarudi nyumbani, akala uji wa mahindi vijiko vitatu, akaupasha mtaa habari za kila mgonjwa wodini, na jana, Jumapili tarehe 3 Machi 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa kitandani kwake, binti zake wawili wakiwa kando yake, Mungu alimwita. Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu vinne, na masinia mawili, moja la mtu asiyejulikana na moja la mwigaji.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua waliomvumilia, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kuitwa "wewe mwembamba" siku nane mfululizo, kwa padri, kwa majirani mlioleta kuni, kahawa, viti na sukari, kwa Mwalimu Socorro wa nyumba ya tatu aliyetupigia karatasi hizi taipu, kwa walinzi na wafagizi wa makumbusho, ambao ni tofauti na wakubwa wao na familia inalijua hilo, na hata kwa safu ya mbele kwa shada lenu la maua, kubwa, zuri, lenye utepe ambamo safari hii jina halikukosewa.

Hapa kwenye karatasi pameandikwa nimwombee pumziko, kisha nikae. Sikai bado.

Historia hii niliiandika jana alasiri nikiwa na hasira, na leo saa tatu asubuhi nilikwenda ofisi ya msajili kuandikisha kifo, karani akanipa hati nisome kabla ya kutia sahihi, nikaona jina langu, Nabor Cira Sixtos, na kando yake neno compareció. Nikamwuliza kwa sauti yangu hii ya gesi, foleni nzima ikisikia, "Kwa nini mmeandika kwamba mnanihurumia? Nani kawaomba huruma?"

Karani akatazama, akacheka. "Hilo la huruma ni neno jingine, kijana, compadecer. Hili ni comparecer. Maana yake umefika, umesimama hapa mbele yangu. Basi."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido, kwa sababu neno lile nilikuwa nimeshalisoma siku nyingine, tarehe 16 Juni 2016.

Barua ilikuja. Niliyowasomea ni kweli, kadi ilibaki vilevile, lakini barua ilikuja, ina muhuri na sahihi ya Daktari Arizmendi, na bibi alinipa mimi niisome, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa natamba mtaani kwamba hakuna karatasi inayonishinda. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nikasimama katikati ya jiko, nikaisoma kwa sauti, maneno marefu nikayaruka kama mtu anavyoruka madimbwi, nikafika kwenye neno hilo, nikasema, "Bibi, wanasema makumbusho inakuhurumia."

"Inanifanya nini?"

"Inakuhurumia. Ndivyo walivyoandika."

"Na jina langu?"

"Lipo juu kabisa. Halafu wanakuhurumia."

Akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Basi, ikunje," akageuza chapati ya mahindi iliyokuwa inaungua, na tangu siku ile hakwenda tena ofisini kwao. Nami niliona kuna nambari na tarehe nisizozielewa chini ya barua, na Mwalimu Socorro alikuwa nyumba ya tatu, hatua hamsini, sikwenda, kwa sababu ningekwenda mtaa ungejua kwamba Nabor kashindwa.

Leo mchana nimeitafuta, nimeikuta ndani ya kopo la vifungo, nimeisoma polepole kwa kidole. Inamwomba Bi Domitila Equihua Huipe afike makumbusho ndani ya siku thelathini za kazi, akiwa na mashahidi wawili, alitambue sinia nambari 114, ili kadi ibadilishwe, na asipofika itahesabika kwamba ombi lake ameliacha. Nilikuwa na muda wa kuichana ile historia niandike nyingine, nikaja nikawasomea hii hii, nikawatukana hawa watu mbele yenu, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

Daktari Arizmendi, ya jumba, ya mbwa, ya skafu na ya Landa siyafuti hata moja, mnayastahili, na wewe mwenyewe ungeweza kuvuka mitaa minne ukamwambia kwa mdomo mwanamke asiyejua kusoma. Lakini siku thelathini nilizila mimi, na miaka minane nimeila mimi. Saa kumi tunambeba kwenda makaburini na njia inapita mlangoni kwenu. Tutamshusha pale. Mlitaka mashahidi wawili, hapa wamo vikongwe wasiopungua saba waliomwona yule bata mzinga rangi yake ikiwa bado mbichi. Najua siku zimepita, na najua leo ni Jumatatu.

Bibi, utakuwa umefika. Lala sasa, tulia, usituwaze, na hawa watu wakikujibu chochote, nitampa Mwalimu Socorro akusomee.